Jasho langu na siku ya upasuaji: niseme au nifiche?

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 36. Tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, viganja vyangu, kwapa na nyayo hutoka jasho la kutiririka. Si jasho la joto. Hata asubuhi ya baridi nikishika kalamu karatasi inaloa, nikivaa ndala mguu unateleza. Mama yangu mdogo naye yuko hivyo hivyo. Nikilala viganja vinakauka kabisa, nikiamka tu mambo yanaanza upya.

Baada ya wiki tatu nitafanyiwa upasuaji wa tumbo kuondoa fibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Miaka ya nyuma niliwahi kufanyiwa upasuaji mdogo, na yaliyonipata siku ile bado yananiuma. Plasta ya dripu ilikuwa haishiki, sindano ikachomoka, nikachomwa upya mkono wa pili. Muuguzi mmoja akaniambia mbele ya wagonjwa wenzangu, "Mtu mzima mwoga hivi?" Sikuwa naogopa, Shangazi. Ndivyo nilivyo siku zote.

Safari hii nimejipanga. Daktari wa ngozi alinipa vidonge vya oksibutinini na vinanisaidia. Kliniki ya upasuaji waliponiuliza dawa ninazotumia nilitaja vidonge vya kuongeza damu tu. Niliona jasho si ugonjwa wa kuwasumbua nao madaktari. Nafikiria asubuhi ya upasuaji nimeze viwili badala ya kimoja, nijipake dawa yangu ya kwapani hadi kwenye viganja, na tumboni nijipake poda. Siku mbili kabla nitapunguza maji ya kunywa, mwili usiwe na cha kutoa.

Kuna jambo jingine. Tangu nianze kuchomwa sindano ya kila mwezi ya kusinyaza uvimbe, usiku naamka nimelowa mwili mzima hadi shuka. Hili ni geni kwangu. Tena chini ya tumbo nina mkunjo ambao huwasha na kuwa mwekundu. Je, kidonda kitaoza kwa jasho?

Nijibu mapema, tafadhali.

Mwanao, Viganja Vimelowa

*

Marahaba mwanangu,

Usimeze vidonge viwili. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote uliyopanga yanaweza kukuletea usumbufu, ila hilo linaweza kukuletea madhara.

Ngoja nikueleze, maana nimekaa miaka mingi ndani ya chumba cha upasuaji nikiwa muuguzi wa usingizi na nawajua watu wa jasho lako. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na viganja na nyayo ni miongoni mwa sehemu zenye tezi nyingi zaidi. Neva zinazoziamsha hutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Kwa mtu kama wewe, aliyeanza utotoni, mwenye ndugu wa damu mwenye hali ileile, anayeloa pande zote mbili sawasawa na kukauka akilala, tezi zenyewe ni nzima. Neva ndizo zinazotuma amri kupita kiasi. Wala si uoga, wala si uchafu. Aliyekudhihaki mbele ya watu alikukosea, na alikosea pia kwenye kazi yake, kwa sababu swali alilopaswa kukuuliza ni moja tu: "Huwa unatoka jasho hivi siku zote?"

Oksibutinini huizuia kemikali hiyo. Shida ni kwamba haiizuii kwenye tezi za jasho peke yake. Huizuia pia kwenye mate, macho, moyo, kibofu na utumbo. Sasa fikiria upasuaji wako. Tumbo likifunguliwa, utumbo hupunguza mwendo kwa muda. Dawa kali za maumivu, kama mofini na tramadoli, huupunguza tena. Mpira wa mkojo ukitolewa, kibofu kinatakiwa kiamke kifanye kazi chenyewe. Ukiwa umemeza dozi mbili za dawa inayolegeza kibofu na kutuliza utumbo, unaweza kujikuta siku ya pili tumbo limejaa gesi, choo hakuna, mkojo umegoma na mpira unarudishwa. Na wagonjwa waliolazwa usingizi kamili, mara nyingi mwishoni huchomwa atropini au glaikopironi pamoja na dawa ya kuamsha misuli. Hizo ni za ukoo mmoja na vidonge vyako. Zikikutana mwilini bila daktari kujua, moyo hukimbia, mdomo hukauka, macho hayaoni vizuri, na mwili unaweza kupanda joto kwa sababu umezuiwa kutoa jasho la kujipooza. Kwa wazee huleta hata kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo usiongeze, na wala usiache ghafla kwa uamuzi wako. Rudi kliniki kabla ya wiki hizi tatu kwisha, omba kuonana na daktari wa usingizi au mtaalamu anayepima wagonjwa kabla ya upasuaji, umwambie jina la dawa, kiasi na saa unazomeza. Yeye ndiye atakayeamua kama umeze asubuhi ile, upunguze au usimamishe siku chache. Ukiambiwa usimamishe, jasho litarudi, na ni sawa lirudi. Kwenye chumba cha upasuaji tunaweza kufanya kazi na ngozi iliyolowa. Dawa tusiyoijua ndiyo inayotupiga chenga.

Na hapa ndipo ilipo sababu kubwa ya kukuomba useme. Kwa watu wa usingizi, jasho ni dalili, tena dalili tunayoitegemea. Mgonjwa akiwa amelala mezani hawezi kutuambia kitu, kwa hiyo tunasoma shinikizo la damu, mapigo ya moyo, machozi na jasho. Jasho likichomoza kwenye paji la uso wake tunaanza kujiuliza haraka. Usingizi umekuwa mwepesi? Anahisi maumivu? Sukari imeshuka? Hewa chafu inakusanyika mwilini? Anapoteza damu mahali tusipopaona? Kila jibu lina tiba yake na kila tiba ina haraka yake. Sasa kama hatujui jasho lako la kila siku linakaa wapi na linatoka lini, tunaweza kuogopa pasipo sababu. Baya zaidi, wodini mtu anaweza kuona jasho la hatari akasema "huyu ndivyo alivyo." Ukituambia, "Mimi hulowa viganja, kwapa na nyayo, si kifuani wala usoni, na nikilala nakauka," umetupa kipimo ambacho hakuna mashine inayoweza kutupa. Siku kifua na uso wako vikilowa, tutajua kuna jambo.

Huenda utakachokipenda ni hiki: ukipewa ganzi ya uti wa mgongo, zile neva zinazoamrisha jasho hulala kuanzia kiunoni kushuka chini. Nyayo zako zitapata joto na kukauka ukiwa macho. Wengine hushangaa kwa furaha. Ila ganzi hiyo hiyo inaweza kushusha presha, na hapo utahisi kichefuchefu, kizunguzungu na jasho baridi la ghafla. Usinyamaze ukidhani ni lile lako. Sema palepale, "Najisikia vibaya." Watakuongezea maji ya mishipani na dawa ya kupandisha presha, na mara nyingi hali hutulia upesi.

Kuhusu plasta na sindano kuchomoka: hilo lina njia zake, na si wewe wa kulibeba. Waambie mapema wasiweke kanula, ule mrija mdogo wa dripu, nyuma ya kiganja kama kuna mshipa mzuri kwenye mkono juu ya kifundo, ambako wewe huloi sana. Ngozi ifutwe kwa kitambaa safi kikavu, ipakwe spiriti, iachwe ikauke yenyewe, ndipo plasta ibandikwe, kisha bandeji izungushwe juu yake. Vibandiko vya kupima moyo hushika vizuri ngozi ikifutwa kwanza. Kidude cha kupima oksijeni kikiteleza kidoleni, kipo cha kuvaa sikioni. Bomba la kupumulia, kama utalazwa usingizi kamili, linaweza kufungwa kwa kamba laini inayozunguka shingo badala ya kutegemea plasta ya mashavuni. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kifaa cha ajabu. Linalohitajika ni mtu kujua kabla, ili asihangaike dakika ya mwisho.

Lipo moja la kulitilia mkazo. Fibroidi mara nyingi hutolewa kwa kutumia mashine ya umeme inayokata na kuziba mishipa ya damu. Umeme ule hutoka mwilini kupitia pedi kubwa inayobandikwa pajani. Pedi ikishika yote, umeme hutawanyika na ngozi haidhuriki. Pedi ikibanduka nusu kwa sababu ngozi imelowa, umeme wote hujikusanya kwenye sehemu ndogo iliyobaki na unaweza kuunguza ngozi. Ndiyo maana poda na mafuta hatuvitaki: poda ikikutana na jasho hugeuka uji, gundi haishiki. Hali kadhalika dawa ya kusafisha ngozi kabla ya kukata, ikiwa ina spiriti, inatakiwa ikauke kabisa, angalau dakika 3 kwenye ngozi isiyo na nywele. Ikituama kwenye mkunjo wa tumbo huku ule umeme unatumika, inaweza kushika moto. Kwa hiyo ukisema "Mkunjo wangu wa tumbo huloa," umewasaidia kuukausha vizuri.

Ile dawa yako ya kwapani, nadhani ni ya kloridi ya alumini. Nzuri sana, ila hupakwa usiku kwenye ngozi kavu, ikaoshwa asubuhi. Haipakwi kwenye ngozi iliyonyolewa punde au iliyochubuka, itakuwasha moto. Kwa wiki hizi endelea nayo kwapani kama kawaida, hata viganjani usiku kama ngozi inaivumilia. Usiku wa mwisho kabla ya upasuaji acha. Asubuhi ile usipake kitu chochote mwilini: dawa ya kwapa, losheni, mafuta, manukato, poda. Oga kwa sabuni usiku na tena asubuhi, jikaushe taratibu hadi ndani ya mikunjo, vaa nguo safi ya pamba. Usijinyoe mwenyewe sehemu ya upasuaji. Wembe huacha vijichubuko vinavyokaribisha vijidudu, na kama nywele zinahitaji kuondolewa hospitali watazikata kwa mashine.

Huo mwasho chini ya tumbo unanipa wasiwasi kuliko viganja vyako. Mkunjo mwekundu unaowasha mara nyingi ni fangasi waliostawi kwenye unyevu, na ndipo karibu kabisa na mahali chale ya fibroidi hupita. Ngozi yenye ukurutu au michubuko ikikutwa asubuhi ya upasuaji, daktari anaweza kuahirisha, na atakuwa na haki. Krimu ya fangasi huchukua wiki 2 hadi 4 kufanya kazi yake vizuri. Nenda wiki hii hii ukaonyeshe. Usisubiri siku ya kulazwa. Wakati huohuo weka kitambaa safi chepesi cha pamba ndani ya mkunjo, ubadilishe kila kinapoloa.

Maji usipunguze hata kidogo. Jasho la neva halijali kama umekunywa au hukunywa, litatoka tu, na wewe utafika mezani umekauka, mishipa imenywea, presha iko tayari kuanguka. Wewe ndiye hasa unayehitaji kunywa. Utaratibu unaotumika sana ni kuacha chakula saa 6 kabla na maji meupe saa 2 kabla ya usingizi, ila fuata saa utakazopewa na hospitali yako, na uulize wazi kama unaruhusiwa maji asubuhi ile. Mtu anayepoteza maji mengi kwa jasho asiachwe tangu usiku na koo kavu hadi mchana kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Na mkifika wodini, beba taulo ndogo mbili na shati la kubadilisha. Ukiloa kabla ya kuingizwa, omba gauni kavu. Chumba cha upasuaji kina baridi na mwili uliolowa hupoteza joto haraka. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36, damu haigandi vizuri na kidonda hupata maambukizi kirahisi. Kusaini fomu ya ridhaa, weka kitambaa chini ya mkono. Hakuna wa kukucheka, na akiwepo, aibu ni yake.

Sasa hilo jasho jipya la usiku. Umefanya vyema kulitenganisha. Sindano za kusinyaza fibroidi, kama ni zile nyingi ninazozijua, hushusha homoni ya estrojeni, na mwili huingia katika hali inayofanana na ukomo wa hedhi: joto la ghafla usoni na kifuani, kisha jasho la mwili mzima, hasa usiku. Lilianza na sindano, basi huenda ni hilo, na hupungua sindano zikiisha. Lakini usijihukumu mwenyewe. Jasho la usiku linaloloanisha shuka linaweza pia kutokana na malaria, kifua kikuu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona. Mwambie daktari, na useme kama una homa, kikohozi, kupungua uzito, mikono kutetemeka au moyo kukimbia. Tezi ya shingo iliyochangamka ikiingia kwenye upasuaji bila kutibiwa ni hatari kweli, nayo hugundulika kwa kipimo cha damu.

Wasomaji wengine wenye upasuaji mbele yao nawaomba jambo moja hapa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, jasho wakati umefunga kula linaweza kuwa sukari imeshuka, ita muuguzi apime mara moja. Na mwenye kunywa pombe kila siku, au anayetumia dawa za kulevya, aseme ukweli kabla ya kulazwa. Kuacha ghafla huleta jasho, kutetemeka na hata degedege ndani ya siku chache, na inatibika vizuri ikijulikana mapema. Hatuulizi ili tukuhukumu.

Nirudi kwako. Kidonda hakiozi kwa jasho. Jasho lenyewe si sumu. Tatizo ni unyevu kukaa chini ya bandeji muda mrefu hadi ngozi inalainika na kuwa nyeupe kama vidole vilivyokaa kwenye maji, kisha plasta inabanduka na vijidudu vinapata mlango. Kingo za kidonda kilichoshonwa vizuri hujifunga kwa kama saa 48. Kabla ya hapo, bandeji ikiloa au ikifunguka, mwite muuguzi aibadilishe, usiibonyeze irudi. Baada ya hapo daktari akikuruhusu, oga kwa maji yanayotiririka, ujikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na uweke kile kitambaa cha pamba kwenye mkunjo. Dawa ya jasho na poda zikae mbali na kidonda hadi kipone kabisa.

Usiku wa kwanza na wa pili unaweza kuloa kuliko kawaida yako. Maumivu hutoa jasho, na dawa za mofini na tramadoli zenyewe hutoa jasho. Omba dawa ya maumivu kabla hayajazidi, badilishiwa shuka, kunywa maji ukiruhusiwa. Lakini hili mweleze pia ndugu atakayekaa nawe: jasho baridi pamoja na weupe wa midomo, moyo kwenda mbio na kizunguzungu, aite msaada muda uleule, huenda damu inavuja ndani. Jasho pamoja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, vivyo hivyo, huenda ni bonge la damu limefika kwenye pafu. Jasho la homa kufikia nyuzi 38 na kutetemeka, hasa kuanzia siku ya tatu, au kidonda kinachozidi kuuma, kuvimba, kutoa usaha au harufu, lichunguzwe siku hiyohiyo. Akijibiwa "ndivyo alivyo," aseme hapana, yeye huloa viganja, kwapa na nyayo tu.

Andika leo kwenye karatasi moja: hali yako ya jasho na sehemu zake, ilianza lini, oksibutinini na kiasi chake, dawa ya kwapani, sindano ya kila mwezi na tarehe ya mwisho uliyochomwa, vidonge vya damu, jasho jipya la usiku, mwasho wa tumboni, na kilichotokea kwa ile plasta safari iliyopita. Tengeneza nakala mbili. Moja mpe daktari wa usingizi kliniki, nyingine mpe muuguzi atakayekupokea wodini siku ya kulazwa. Vidonge vyako usivirudie kwa siri ukiwa kitandani. Mpaka ukojoe vizuri bila mpira na tumbo lifunguke, ndipo umuulize daktari siku ya kuvianza tena.

Shangazi yako